Kituo cha Mwisho cha Mzee Mhando

"Msivae cha bure, wageni wangu! Cha bure kina mwenyewe!"

Hivyo ndivyo Mwanjaa Shemhilu alivyoipokea treni ya mchana pale stesheni ya Tanga, amesimama juu ya kreti la soda, leso kiunoni, sauti imeshiba. Ukimwona kwa mbali ungedhani anauza karanga. Thubutu! Mwanjaa alikuwa anauza matembezi.

"Unatembea mwenyewe, kwa mwendo wako," aliwaambia abiria waliokuwa wakishuka na mabegi yao. "Mimi nakaa hapa," akagusa sikio, "kwenye kipuli chako cha kusikilizia. Ukisimama nasema, ukichoka nanyamaza. Kuanzia hapa stesheni mpaka Ngamiani ndani kabisa. Na kila sauti utakayoisikia ni ya mtu, na mtu huyo alisimama pale pale utakaposimama wewe!"

"Sisi tumeshapewa," alisema kijana mmoja mwenye kofia pana, akionyesha kipuli chake kilichokuwa kikimetameta bluu sikioni. "Kampuni ya Mwangwi wametugawia ndani ya treni. Bure."

"Wamekupa nani akutembeze?"

"Nimemchagua marehemu bibi yangu."

"Bibi yako aliwahi kufika Tanga?"

Kijana akacheka kwa aibu. "Hajawahi kutoka Songea."

"Masikini bibi wa watu! Kapumzika zake, mnamwamsha aje kuongoza wageni mji asioujua hata choo kiko wapi! Njoo hapa, baba. Sikiliza kidogo tu, usiponunua tutaagana kwa amani."

Akanunua. Walikuwa wananunua, ndiyo maana Mwanjaa alikuwa bado yupo mjini.

Lakini haikuwa kazi rahisi, tuseme ukweli. Mtambo wa Mwangwi ulikuwa haujawahi kukanyaga tope la Tanga. Uliutazama mji kutoka juu, ukasoma kila kilichowahi kuandikwa juu yake, kisha ukachukua sauti ya marehemu yeyote uliyemtaka na kuisokota. Watu walisema kusokota, kama kamba ya mkonge: unaupa mtambo nyuzi chache za maneno aliyoyaacha mtu, wenyewe unavuta kamba ndefu isiyokatika. Na ile kamba, ukiifuata, haikosi kukufikisha mlangoni pa duka lililowalipa Mwangwi. Mji mzima mtambo uliumaliza kwa muda wa kunywa chai.

Mwanjaa alifanya kwa miguu yake. Alijua ukuta gani una kivuli wakati gani, akaweka maneno marefu kwenye kivuli na mafupi kwenye jua. Penye njia panda alinyamaza kabisa, maana baiskeli za Tanga hazina simile na mtu anayesikiliza hadithi. Na kuuza alijua. Kionjo chake kilisikika bure kwenye kiti cha kinyozi wa Barabara ya Saba: ukinyolewa upande mmoja hadithi inaanza, ukimaliza wa pili inakatika pale pale patamu, na ukitaka kujua ya mbele, nunua. Muuza mihogo wa stesheni alikuwa na kionjo chake, mkodisha baiskeli naye chake. Kila mmoja alipata fungu lake, na kila mmoja aliyanadi matembezi yale utadhani ni ya shangazi yake.

Siku ile mama mmoja alimfuata mbio, kamshika mkono mwanamke anayefanana naye. "Ndiye huyu! Dada, ndiye huyu! Jana nimecheka mpaka nikakaa chini barabarani. Mpe na mdogo wangu, mpe yule mzee wa baiskeli!"

Mzee wa baiskeli. Mwanjaa alijisikia raha mpaka kwenye visigino. Mzee Mhando Sempombe, Mzigua, fundi baiskeli wa Barabara ya Tisa, ndiye aliyekuwa roho ya matembezi yale. Vituo kumi na kimoja alikuwa amevirekodi kwa sauti yake ya mikwaruzo, akitaniana na kuta. Kilibaki cha kumi na mbili tu, kwenye ukuta wa uwanja wa zamani, ambako ujanani aliokoa penalti iliyowapa Barabara ya Tisa kombe la mitaa. Kila wakikaa pale kurekodi, mzee alianza, akacheka peke yake, akasema, "Siku nyingine, mwanangu. Leo haiji."

Na sasa hapakuwa na siku nyingi za kuchezea. Jumamosi mkaguzi wa Njia ya Jiji, orodha ya matembezi ya Baraza la Jiji, alikuwa anakuja. Matembezi yatakayopita ndiyo yatakayofunguka kwanza kwenye kipuli cha kila abiria atakayeshuka Tanga. Yasiyopita yatazikwa chini ya yale ya Mwangwi, na Mwanjaa alijua fika kwamba kreti la soda peke yake halitamweka mjini mwaka mwingine. Masharti yalikuwa wazi: matembezi lazima yawe kamili, kutoka kituo cha kwanza mpaka cha mwisho.

Alikuwa bado anapokea shukrani za yule mama alipomwona Hizza, mtoto wa Mzee Mhando, akija kwa miguu kupita kati ya abiria. Hizza alikuwa mtu wa darasani, mwalimu wa hesabu, hakuwahi kuja stesheni hata siku moja.

"Dada Mwanjaa," alisema. "Mzee ametutoka."

Mwanjaa alishuka kwenye kreti.

*

Siku ya kuanua tanga uwanja wa nyumba ya marehemu ulijaa. Wanaume walikaa kwenye mikeka upande wa barabarani, wanawake ndani na ubarazani, na sufuria la wali lilikuwa linafunuliwa wakati kengele ya baiskeli ilipolia nje kwa fujo.

"Pisheni! Pisheni, bingwa anapita! Mna macho ya mapambo?"

Watu waligutuka. Sauti ile! Mikwaruzo ile ile, kikohozi kile kile kabla ya neno "bingwa". Baiskeli ya marehemu ikaingia katikati ya mikeka, na juu yake alikuwa Bi Nyamizi, fundi cherehani wa mtaa wa pili, kavaa bwelasuti la marehemu lenye mafuta ya mnyororo na kofia yake ya pamba imekaa upande. Alishuka kwa kuvuta mguu wa kushoto kama alivyovuta yeye. Akakagua gurudumu la mkokoteni wa mtu, akatema mate pembeni, akasema, "Gurudumu hili aliyelitengeneza kafie mbali. Ngoja, ni mimi."

Msiba mzima ulipasuka kwa kicheko. Mke wa marehemu, aliyekuwa hajafumbua kinywa tangu maziko, alicheka mpaka ushungi ukamdondoka, kisha akalia kwa sauti, akashikwa na wenzake. Hakuna aliyemkemea Nyamizi. Nani amkemee? Nyamizi alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara. Kwenye msiba wa Mzigua ana ruhusa ya kumvaa marehemu, kumsema, kumwigiza, kuficha sufuria la wali mpaka wafiwa walikomboe. Ukikasirika, umekosa wewe.

Mwanjaa alilia na kucheka pamoja na wengine. Yeye alikuwa Msambaa, kwa Wazigua ni ndugu, si mtani. Angethubutu yeye kuvaa bwelasuti lile, wangemtoa nje.

Hizza alimgusa bega. "Njoo chumbani. Nina kitu chako."

Chumbani alimpa kipuli. "Nimetoa ruhusa yangu ya urithi. Nimeupa mtambo wa Mwangwi kila alichokiacha: simu zake, video za harusi, siku ile aliyohojiwa na redio. Msikilize."

Mwanjaa akakivaa. Na Mzee Mhando akakohoa sikioni mwake.

"Basi bwana, uwanja umejaa pomoni. Mpigaji kaweka mpira. Mimi nimetulia golini kama sipo. Akapiga! Niliruka, mwanangu, niliruka kama chui, na kidole hiki hiki kikaugusa mpira ukapita juu ya mwamba."

Machozi yalimtoka Mwanjaa bila kuyaita. Ilikuwa ni yeye. Hata pumzi ilikuwa yake. Kituo cha kumi na mbili kilikuwa kimekamilika, kizuri, tayari kwa Jumamosi, na mkaguzi angekipitisha bila swali kwa sababu mwenye urithi karuhusu. Mwanjaa alijiona amesimama stesheni, treni nzima ikishuka na matembezi yake masikioni.

Kisha, kwa mazoea tu, akafanya alichokuwa akikifanya kila mzee akianza kujisifu. Akamwambia, "Muongo mkubwa wewe, Mzee Mhando."

Halafu ile sauti ya mikwaruzo ikasema kwa upole, "Asante kwa maoni yako. Ungependa kusikia zaidi kuhusu mechi hii?"

Mwanjaa alikivua kama kilichomuunguza. Mzee Mhando angemrushia spana.

"Vipi?" Hizza aliuliza.

"Si yeye, Hizza."

"Ni yeye! Mama amesikia akazimia!"

"Mimi nimewaambia watu kila sauti ni ya mtu. Nimelisema hilo juu ya kreti mpaka koo limekauka. Huyu anasema alichokisema baba yako, lakini ukimchokoza hayupo."

"Sasa utafanya nini? Ukiacha kituo wazi utakosa."

Nje, Nyamizi alikuwa anagombana na mnyororo wa baiskeli kwa sauti ya marehemu, na watu wanapiga makofi. Mwanjaa aligeuza uso dirishani. Hizza aliyaona macho yake, na akaelewa kabla hajasema.

"Usithubutu," alisema. "Hapa msibani sawa, ni mila, nami nimecheka. Lakini unataka watu wa dunia nzima wamsikie baba yangu akichekwa? Maisha yake yote alikuwa na grisi mikononi, watu wanamwita 'we fundi'. Mara moja tu katika uhai wake alikuwa shujaa, siku ile. Niachie siku hiyo, dada. Sheria inasema sauti ya marehemu, iwe ya kusokotwa au ya kuigizwa, haitumiki kwenye matembezi mpaka mrithi aruhusu. Na mimi ya Nyamizi siruhusu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma Mwanjaa. Alisema kama mtoto anayemlinda baba yake, na Mwanjaa hakuona kosa lolote katika maneno yake.

*

Siku mbili alihangaika. Alikaa kwenye ukuta wa uwanja wa zamani na kipuli mkononi, akikisikiliza, akikivua. Mara ajiambie, hivi nani atakayejua? Mara ajijibu, mimi. Mwishowe alikwenda kwa Nyamizi na kibao chake cha mikataba, maana kama utafanya jambo, alifikiri, lifanye kwa utaratibu.

Nyamizi alikuwa anapinda pindo la gauni. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua mguu kwenye cherehani. Halafu cherehani likasimama.

"Umesema unilipe?"

"Kwa kila atakayesikiliza, dada. Fungu lako, haki yako. Saini hapa tu."

"We Msambaa, umechanganyikiwa au umetumwa?" Nyamizi alisimama, sindano zimemjaa kifuani. "Mimi nimemsema Mhando tangu nina meno ya utoto! Nilimsema mbele ya mkewe, mbele ya shehe, na juzi nimemsema msibani kwake, na hana la kunifanya, kwa nini? Kwa sababu ni mtani wangu! Siku nitakapomsema kwa sababu nimelipwa, hilo litakuwa tusi. Tusi la kumtukana maiti! Na Hizza akinipeleka mahakamani nitaona haya kumtazama."

Mwanjaa alikishusha kile kibao. Hakuwahi kuliona hilo. Maisha yake yote alipigania watengenezaji wadogo walipwe, na leo malipo yenyewe ndiyo yaliyokuwa kosa.

"Nisamehe, dada."

"Mtani halipwi. Mtani anachukua." Nyamizi alimtazama miguuni. "Hebu vua hivyo viatu."

"Viatu vyangu?"

"Vua! Umenikosea, nimevichukua. Vizuri hivi. Namba yangu."

Mwanjaa akavua. Nyamizi akavivaa pale pale, akarudi kukaa, na hasira yote ikawa imekwisha, kama haikuwahi kuwepo. Hata chai akamimina.

"Unajua kwa nini alikuwa harekodi ile penalti?" aliuliza. "Hadithi ile haisemwi na mdomo mmoja. Yule mpigaji alikuwa baba yangu mzazi. Mhando akianza kusimulia, baba yangu alikuwa anamkatiza, na baba alipokufa nikaanza kumkatiza mimi. Ndiyo inavyokwenda. Akisimulia peke yake anajisikia mjinga."

"Ilikuwaje kweli?"

Nyamizi akamsimulia. Mwanjaa alicheka mpaka chai ikammwagikia, na kicheko kilipokwisha, kilibaki kitu kizito na kizuri kifuani. Alikuwa amekipata kituo chake cha mwisho, na alijua hawezi kukirekodi.

"Nikikurekodi bila kukulipa, halafu nikauza?"

"Hapo mwenye kutukana utakuwa wewe."

"Basi hakiuzwi," Mwanjaa alisema polepole. "Hakirekodiwi wala hakiuzwi. Wageni watafika pale ukutani, watavua vipuli vyao, watakukuta wewe. Au Mnyamwezi yeyote wa mtaa huu. Nitawauzia kumi na kimoja, hiki wanakuta."

Nyamizi akaweka kikombe chini. "Na Hizza?"

"Hizza amekataa."

"Basi hilo ni lenu na sheria zenu," alisema, akarudisha mguu kwenye cherehani. "Mimi Jumamosi nitakuwepo ukutani. Nina viatu vipya."

*

Mkaguzi alikuwa Bi Revocata Kokuhirwa, mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, asiyecheka ovyo. Alikuja na kifaa cha Baraza kimening'inia shingoni, chenye sauti yake chenyewe. Mwanjaa alitembea nyuma yake hatua kadhaa bila kusema neno, maana kazi yake sasa ilikuwa isimame yenyewe.

Na ilisimama! Kwenye kituo cha pili Bi Revocata alipunguza mwendo. Cha tano alikaa kwenye kivuli pale pale Mwanjaa alipopanga watu wakae. Njia panda, sauti ilinyamaza, naye akatazama kulia na kushoto, na baiskeli tatu zikapita mbele ya pua yake. Cha tisa, Mzee Mhando alipoieleza pampu ya mkono kana kwamba anaposa, mkaguzi aligeukia ukuta ili asionekane akicheka. Nyuma yake Mwanjaa alitembea kifua mbele. Hii ni kazi yangu, alijiambia. Mimi ndiye niliyeifanya hii.

Walifika uwanja wa zamani. Hizza alikuwepo, kasimama mbali kidogo, kipuli alichorudishiwa, chenye sauti ya msokoto, kiko mkononi. Alimwashiria Mwanjaa kwa kichwa mara moja, kama kumwambia bado hujachelewa.

Sikioni mwa mkaguzi ilisikika sauti ya Mwanjaa mwenyewe, fupi: "Kituo hiki Mzee Mhando hakukirekodi. Vua kipuli, tafadhali. Wapo watakaokuambia."

Bi Revocata akavua, akashangaa. Na hapo Nyamizi akatoka nyuma ya ukuta, bwelasuti mwilini, kofia upande, viatu vya Mwanjaa miguuni, anavuta mguu wa kushoto.

"Nani huyu mmeniletea?" alikwaruza, akimkagua mkaguzi juu mpaka chini. "Mrefu hivi, angekuwepo siku ile tungemweka mwamba wa goli. Kaa, mama. Nikwambie nilivyoruka kama chui!"

Kifaa kikalia shingoni mwa Bi Revocata. "Sauti ya marehemu inaigizwa. Ruhusa ya mrithi inahitajika."

"Subiri," Bi Revocata alikiambia. "Endelea, mama."

"Basi bwana, uwanja umejaa." Nyamizi alirudi nyuma mpaka kati ya nguzo mbili zilizobaki. "Mpigaji ni yule Mnyamwezi mwenye guu kama mchi. Mimi golini nimetulia. Najisemea moyoni, leo nitaandikwa!" Alitanua mikono. Halafu ghafla akashusha sauti, akawa yeye mwenyewe, Nyamizi. "Muongo huyo! Alikuwa hata hatazami! Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka. Akainama hivi," akainama, mgongo kwa mpigaji, "anafunga kamba ya kiatu cha kulia, mwamuzi kapuliza yeye hana habari, baba yangu kapiga shuti la kuua mtu, mpira ukaja, puu! ukamkuta makalioni, ukaruka juu ya mwamba!"

Akaanguka kifudifudi kwenye vumbi. Bi Revocata alishika mdomo kwa mikono yote miwili. Wapita njia walikuwa wameshasimama, na mmoja akapiga ukelele.

"Kombe likapatikana kwa makalio!" Nyamizi alipaza sauti toka chini. "Mzigua wangu miaka yote hiyo akikaa, anakaa kwa heshima, kakalia ubingwa! Kamba ya kulia, nawaapia!"

"Ya kushoto!"

Watu wote waligeuka. Alikuwa Hizza. Alionekana kushtuka yeye mwenyewe.

"Kiatu cha kushoto," alisema tena, sauti ikimkwama. "Mguu wa kushoto ndio uliokuwa mbovu. Baba yako aliujua, ndiyo maana akapiga haraka, mwizi mkubwa yule! Hakungoja mtu afunge kamba!"

Nyamizi akainuka, vumbi limemjaa usoni, macho yanang'aa. "Aliyekwambia golini ni mahali pa kufunga kamba ni nani?"

"Na nyie mlishindwa kufunga goli hata kwa mtu aliyewapa mgongo! Mlikuwa mnajisifia nini huko Tabora?"

"Sikiliza Mzigua huyu, kapata mdomo!"

Walikwenda hivyo, neno kwa neno, na umati ukishangilia, na Mwanjaa aliisikia ile hadithi ikitoka kwa midomo yake miwili kama ilivyokuwa siku zote. Hizza alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka. Katika kicheko chake mlikuwa na kikohozi cha baba yake, na hakuna mtambo uliokiweka.

Kifaa kikalia tena. "Mrithi wa sauti yupo. Mrithi anaruhusu? Jibu ndiyo au hapana."

Bi Revocata alimgeukia Hizza. "Ndugu yangu, lazima nikuulize. Bila neno lako siwezi kuyapitisha."

Hizza alikitazama kile kipuli mkononi mwake, chenye chui na kidole na mwamba. Akamtazama Nyamizi. Kila alichokifanya tangu siku ya kwanza alipopanda juu ya kreti kilikuwa kwenye ulimi wa mtu huyu, na alijua akisema hapana hatamlaumu.

"Huyu ni mtani wetu," Hizza alisema. "Siwezi kuruhusu nisichoweza kukataza."

"Jibu halijaeleweka," kilisema kifaa. "Ndiyo au hapana."

Bi Revocata alisimama pale kwenye jua, anafikiri. Kwao Bukoba hakuwa na mtani Mzigua, lakini alikuwa ameziona nyuso za watu wale. Akainua kifaa mdomoni.

"Andika: huyu ni mtani, ruhusa haihitajiki," alisema. "Ukikataa, andika mkaguzi ndiye aliyesema, na jina langu weka hapo." Kikasita, kisha kikakubali. "Matembezi ni kamili. Sasa nipe jina la mtengenezaji."

Mwanjaa alisogea mbele, peku tangu siku ile alipovuliwa viatu, miguu imejaa vumbi la uwanja. Alifuta machozi kwa leso, akasema kwa sauti ile ile inayosikika mpaka behewa la mwisho:

"Andika Mwanjaa Shemhilu, wa Tanga. Vituo kumi na kimoja ni vyangu. Cha kumi na mbili andika ni cha watani."